Upepo wa mwaka 1872 na kumbukumbu za watu wa Pwani



Ipo kauli moja ninayoisikia tangu nianze utume katika mkoa huu wa Pwani. Husemwa na wazee kwa vijana, husemwa na msomi na asiyesoma, ya kwamba vimbunga ni mambo ya Msumbiji, Madagaska na Mauritius, na ya kwamba sisi huku Mungu ametuepusha. Kauli hiyo ina ukweli kwa sehemu kubwa, na kwa sababu hiyo hasa inatupasa kuiangalia kwa uangalifu, kwani uongo mtupu hujulikana upesi, bali jambo lililo kweli mara nyingi na si kweli mara chache huwalaza watu usingizi. Juma hili naomba tuache kidogo mfululizo wetu wa masomo, tuitazame bahari iliyo jirani yetu na mambo iliyoyatenda zamani.

Kwanza, kwa nini kwetu ni nadra? Kimbunga cha bahari huhitaji maji yenye joto, yaani nyuzi 26 au 27 na kuendelea, nasi maji hayo tunayo. Lakini huhitaji pia nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo ndiyo huusokota upepo mpaka ukazunguka kama pia. Nguvu hiyo haipo kabisa kwenye mstari wa ikweta, na huongezeka kadiri mtu anavyouacha mstari huo kwenda kusini au kaskazini. Mji wa Unguja upo nyuzi 6 kusini ya ikweta. Dar es Salaam na hapa Kibaha ni karibu nyuzi 7. Mafia karibu 8. Lindi ni 10. Na Beira kule Msumbiji ni karibu nyuzi 20. Tena Madagaska, kisiwa chenye urefu wa kilomita zipatazo 1,600, kimelala mbele ya bara kama ukuta, na vimbunga vingi vitokavyo mashariki hukipiga chenyewe kwanza au hupinda kusini kabla ya kutufikia. Sisi tupo karibu na ncha ya juu ya ukuta huo, pahali ambapo nguvu ya kusokota upepo ni hafifu. Hafifu, nasema, lakini ipo.

Niseme pia neno juu ya lugha, kwa maana nimeona inatupotosha. Katika mitaa yetu watu huita kimbunga kile kivumbi kidogo kinachozunguka uwanjani wakati wa kiangazi na kubeba mifuko na majani, ambacho wazee walikiita chamchela. Upepo mkali wa mvua tunauita dhoruba. Neno tufani, lililotoka Uarabuni, limebeba pia maana ya gharika, kama ile ya Nuhu. Basi redio inapotangaza kimbunga, mtu wa Maili Moja anawazia chamchela, anacheka, na kuendelea na biashara yake. Kimbunga cha bahari ni kitu cha upana wa mamia ya kilomita. Kina tundu la shwari katikati, liitwalo jicho, na likipita juu ya mji watu hudhani mambo yamekwisha, hutoka nje kutazama hasara, kisha upepo hurudi kutoka upande ulio kinyume na ule wa kwanza na kuyaangusha yale yaliyolegezwa tu.

Tarehe 15 Aprili 1872 kitu cha namna hiyo kilifika Unguja.

Ulikuwa mwaka wa pili wa utawala wa Sayyid Barghash bin Said, aliyeshika kiti mwezi Oktoba 1870. Kisiwa kilikuwa kimetoka tu katika kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilichoua watu kwa maelfu. Mwezi wa Aprili, kama wajuavyo mabaharia, kaskazi imekwisha na kusi ndiyo inaanza, na ni majira ambayo majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi husubiri bandarini, yakiwa yamepakia karafuu, nazi, pembe na boriti, ili yapate upepo wa kuyarudisha kwao. Upepo uliokuja haukuwa ule waliousubiri. Vyombo karibu vyote vilivyokuwa bandarini vilizama au vilitupwa ufukoni, pamoja na meli za kivita ambazo Barghash alizirithi kwa nasaba ya baba yake. Nyumba za makuti zilifagiliwa, na hata za mawe zilipata madhara. Mashambani, theluthi mbili hivi ya mikarafuu na minazi ya Unguja ilianguka.

Tuitafakari hasara hiyo ya mwisho, kwa kuwa nyumba ya makuti hujengwa upya kwa juma moja, lakini mkarafuu hauzai mpaka umefikisha miaka sita, saba au zaidi, na mnazi vivyo hivyo. Wale waliokuwa na mashamba makubwa walikuwa wamekopa fedha kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa kuweka rehani mazao ya miaka ijayo. Asubuhi moja mazao yale hayakuwapo tena, deni likabaki. Hakukuwa hata na njia ya kupeleka habari upesi, kwa maana waya wa simu ya baharini kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Mwaka ule habari zilikwenda kwa meli, na bandari ilikuwa imejaa meli zilizovunjika.

Kilichowashangaza zaidi watu wa wakati ule, wenyeji na wageni pamoja, ni kwamba waliamini kisiwa kipo nje ya eneo la vimbunga. Dokta John Kirk, aliyekuwa akisimamia ubalozi mdogo wa Kiingereza, alikuwa mtu wa sayansi, mtaalamu wa mimea, tena aliyekwisha kusafiri na Livingstone katika mto Zambezi. Naye, na mabaharia, na wazee wa mji, wote hawakuwa na kumbukumbu ya jambo kama lile. Ile kauli yetu ya kwamba Mungu ametuepusha ilikuwapo tayari mwaka 1872, siku moja kabla.

Upepo ule haukuishia kisiwani. Ulivuka mlango wa bahari na kuipiga Bagamoyo, na hapa historia inagusa nyumba yetu wenyewe. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilikuwa imeanzishwa pale mwaka 1868 na Padre Antoine Horner pamoja na wenzake, pamoja na makazi ya watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Kwa miaka minne walikuwa wamefyeka, wamepanda minazi, wamejenga mabweni, karakana na kanisa. Kimbunga kiliyaangusha karibu majengo yote. Jambo la kutafakari ni kwamba Padre Horner hakuwa mgeni wa vimbunga, kwa kuwa kabla ya kuja Unguja mwaka 1863 alikuwa amefanya kazi katika kisiwa cha Réunion, ambako watu huvitazamia vimbunga kila msimu, na nyumba hujengwa kwa kuvifikiria. Huku alikuja katika nchi ambayo kila mtu alimwambia kuwa haina mambo hayo. Sina haja ya kumlaumu. Mgeni hujenga kama wenyeji wanavyomwelekeza.

Walijenga upya. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyetumwa kumshurutisha Sultani akomeshe biashara ya watumwa, aliitembelea misheni na kuisifu. Mwezi Februari 1874 mwili wa David Livingstone, uliobebwa na wafuasi wake Waafrika kutoka ndani ya bara, ulipumzishwa pale kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye London. Mahujaji wetu wanaokwenda Bagamoyo kila mwaka huonyeshwa msalaba wa ufukoni na mnara wa kanisa la kwanza, husimuliwa habari za Livingstone na za watumwa, lakini ni mara chache kusikia mtu akisimulia juu ya Aprili ile, kana kwamba majengo yale yalisimama tangu siku ya kwanza pasipo kuanguka.

Wala haikuwa pwani peke yake. Katika masika hiyo hiyo Henry Stanley alikuwa njiani akirudi kutoka Ujiji alikokutana na Livingstone. Alipofika Simbamwenni, mji wenye ngome uliokuwa karibu na ulipo mji wa Morogoro wa leo, mji alioupita mwaka uliotangulia ukiwa imara, aliukuta mto Ngerengere umebomoa ukuta na kuchukua sehemu ya nyumba. Mwanzoni mwa Mei akaingia Bagamoyo baada ya kuvuka bonde la Kingani lililogeuka ziwa. Wakazi wa Kibaha mtaelewa mara moja ninachosema, kwa maana Ngerengere humwaga maji yake katika Ruvu, na Kingani ni jina la zamani la Ruvu hiyo hiyo inapokaribia bahari. Maji yaliyobomoa ngome ile yalipita Ruvu na Mlandizi, hapa nyuma yetu.

Sasa nataka kukaa kidogo juu ya yale yaliyofuata, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Tunapozungumza juu ya msiba wa upepo tunahesabu paa, mitumbwi na maiti, na baada ya miezi michache hesabu hufungwa. Upepo wa 1872 hesabu yake haikufungwa kwa miaka mingi, na walioilipa hawakuwa wenye mashamba.

Kisiwa cha Pemba, kilomita zipatazo 50 tu kutoka Unguja, kilisalimika karibu chote. Kimbunga kile kilikuwa kikali lakini chembamba. Karafuu za Unguja zilipopotea, bei ya karafuu ikapanda, na kila mwenye ardhi au fedha akaigeukia Pemba. Watu walipanda mikarafuu kule kwa bidii ambayo haikuonekana kabla, hata Pemba ikawa ndiyo mzalishaji mkubwa, jambo ambalo limedumu hadi siku zetu. Watoto hufundishwa shuleni kwamba karafuu ya Tanzania hutoka hasa Pemba; nadhani ni wachache wanaoelezwa kwamba sababu mojawapo kubwa ni upepo wa siku moja.

Lakini mikarafuu haijipandi yenyewe. Shamba jipya linataka mikono ya kufyeka, kuchimba mashimo, kumwagilia miche, na baadaye kupanda juu ya miti kuchuma. Kwa mfumo wa wakati ule mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Kwa hiyo, katika miaka ile ile ambayo Waingereza walikuwa wakimbana Barghash aifunge biashara, mahitaji ya watumwa katika kisiwa cha Pemba yalikuwa yakiongezeka. Barghash mwenyewe alijitetea mbele ya Frere kwa hoja ya kimbunga, kwamba nchi imekwisha kufilisika, na kumwondolea watu wake biashara hiyo wakati huo ni kuwamaliza. Hoja hiyo haikukubaliwa. Baada ya kutishiwa kwamba manowari zitakizingira kisiwa, alitia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la mjini Unguja likafungwa.

Matokeo yake yalikuwaje? Njia ya bahari kutoka Kilwa kwenda Unguja ilipozibwa, wafanyabiashara waliifungua njia ya nchi kavu. Mateka walitembezwa kwa miguu kutoka Kilwa, wakavushwa Rufiji, wakapitishwa nyuma ya Dar es Salaam katika nchi ya Wazaramo, kuelekea Bagamoyo, Sadani na Pangani, na kutoka huko wakavushwa usiku kwa mashua ndogo mpaka Pemba. Ofisa mmoja wa Kiingereza, Frederic Elton, aliyesafiri kati ya Dar es Salaam na Kilwa mwishoni mwa mwaka 1873 na mwanzoni mwa 1874, alihesabu maelfu ya watu wakiongozwa kwa minyororo katika majuma machache tu. Barghash aliipiga marufuku njia hiyo mwaka 1876. Kwa miaka mitatu hivi, basi, nchi hii tunayoikanyaga, Kisarawe na pembezoni mwake, ilikuwa njia ya mateka waliokwenda kujaza mashimo yaliyochimbwa kwa sababu upepo ulikuwa umeng'oa miti mahali pengine. Sisemi kwamba kimbunga ndicho kilicholeta utumwa. Utumwa ulikuwapo kabla na wenye dhambi hiyo ni wanadamu. Nasema kwamba wenye mali walipopata hasara waliihamishia kwa wasio na sauti, na jambo hilo halikuwa la mwaka 1872 peke yake.

Kwa kupita tu nitaje meli ya Sultani. Ili kuziba pengo la meli zilizozama, Barghash aliagiza chombo kipya kutoka Uskoti, wakakiita Glasgow, kikafika Unguja mwaka 1878. Kilikaa bandarini zaidi kuliko kilivyosafiri. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vifupi vya dakika chache kati ya Waingereza na mwanamfalme Khalid, kilijibu mizinga na kuzamishwa, na milingoti yake ilibaki ikichungulia juu ya maji kwa miaka mingi. Nimekiweka hapa kwa kuwa picha za milingoti ile bado zipo, na wanaoziangalia huiwazia vita ya 1896. Mwanzo wa habari yenyewe ulikuwa upepo.

Ilipita miaka 80 kamili. Katikati ya Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia nchi kavu, safari hii kusini, karibu na Lindi. Lindi ya wakati ule ilikuwa mji wa mkonge na korosho, uliokuwa umepata msukosuko wa mradi wa karanga wa Nachingwea, mradi ambao serikali ya Kiingereza ilikuwa imeutupa mkono mwaka uliotangulia. Katika kumbukumbu za hali ya hewa, hicho kinahesabiwa miongoni mwa vimbunga vikali kuliko vyote vilivyowahi kupiga pwani yetu.

Katika moja ya jumuiya ndogo ndogo za hapa Kwa Mathias yupo bibi aliyezaliwa Lindi, aliyekuja huku kumfuata mwanawe. Alikuwa na umri wa miaka minane hivi. Nilipomwuliza, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Baba, wewe unauliza ule mwaka nazi zilipoanguka zote." Hakusema mwaka 1952 wala hakutaja Aprili. Alisimulia jinsi mama yake alivyowaingiza watoto uvunguni mwa kitanda, paa la makuti likaondoka, na mvua ikawapiga hapo hapo uvunguni. Majirani walikusanyika katika nyumba ya mawe ya mfanyabiashara wa Kihindi, Waislamu na Wakristo, na mwenye duka aliwagawia sukari iliyokwisha kulowa kwa kuwa haikufaa tena kuuzwa. Kisha akasema jambo ambalo sikulisoma popote, ya kwamba kwa majuma kadhaa walikula nazi mpaka wakazichukia, maana minazi ilikuwa imelala chini na madafu yake, na baada ya hapo walikaa miaka mingi bila kuonja tui. Mama yake aliwapikia mchuzi kwa karanga, na mpaka leo bibi huyo akipika kwa karanga wajukuu hawaelewi kwa nini hutikisa kichwa.

Kutoka kwa bibi huyu nilijifunza namna kumbukumbu za Pwani zinavyohifadhiwa. Hazipo katika tarehe. Zipo katika chakula, katika miti, katika jina la mtoto aliyezaliwa wakati huo, katika mahali ambapo familia ilihamia. Maandishi ya 1872 tuliyo nayo ni ya Kirk, ya wamisionari, ya manahodha wa Kizungu. Watumwa walioangukiwa na mikarafuu na wavuvi waliopoteza ngalawa hawakuachiwa karatasi. Wajukuu wao wangeweza kutusimulia, lau tungewauliza mapema.

Baada ya Lindi, kizazi kizima na nusu kilikua bila kuona. Mafuriko tuliyajua: mvua za El Niño za 1997 na 1998, na yale ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliyowahamisha watu wa mabondeni kupelekwa Mabwepande. Kimbunga hatukukijua. Ndipo mwaka 2019, majuma sita tu baada ya Idai kuiharibu Beira, kimbunga Kenneth kikakaribia mpaka wetu wa kusini. Watu wa Mtwara waliambiwa watafute mahali pa usalama. Aprili 25 kikaingia Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado, na Mtwara ikaponea chupuchupu. Aprili 2021 kikaja Jobo, kikitazamiwa kupiga pwani yetu hii hii ya kati. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari, wavuvi wakakatazwa, watu wakafunga maduka. Kikafa baharini, kikafika kama manyunyu.

Nakumbuka vicheko vya juma lile. Katika vituo vya daladala watu walisema kwamba wataalamu wametutisha bure. Mimi naona kwamba Jobo alitudhuru kwa namna yake, kwa maana alitupokonya kuamini. Mtabiri wa hali ya hewa yupo katika hali ngumu kuliko hata nabii, maana nabii Yona alinung'unika pale Ninawi iliposalimika, lakini angalau Waninawi walikuwa wametubu kwanza.

Kimbunga Hidaya kilipotangazwa mwanzoni mwa Mei 2024 wengi walikwisha kuwa na Jobo kichwani. Nchi ilikuwa imelowa tayari. Serikali ilikuwa imeliambia Bunge mwishoni mwa Aprili kwamba watu 155 wamekwisha kufariki kutokana na mvua na mafuriko ya msimu ule. Rufiji na Kibiti vijiji vilikuwa majini. Boti za kwenda Unguja zikasimamishwa. Tarehe 4 Mei Hidaya kikatua Mafia, kikapungua nguvu usiku ule, na mvua yake ikaimwagikia Kilwa na Lindi. Barabara ya kwenda kusini ilikatika eneo la Somanga, malori na mabasi yakapanga foleni pande zote mbili kwa siku kadhaa. Jina lenyewe, kwa Kiswahili chetu, lina maana ya zawadi. Wazee wa hapa waliotoka Mafia walilitania sana, kwa uchungu. Majuma mawili hivi baadaye kikafuata kingine, Ialy, kilichopita kaskazini zaidi na kuvuruga bahari ya Kenya. Viwili kwa mwezi mmoja, tena Mei, mwezi ambao kwa kawaida msimu umekwisha kufungwa. Wataalamu hutuambia kwamba upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi unazidi kupata joto. Lile sharti la kwanza nililolitaja mwanzoni linazidi kutimia.

Sisi wa Kwa Mathias tupo barani, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam, juu ya mwinuko. Mawimbi hayatatufikia. Lakini tazameni tunavyoishi. Wengi tumejenga kidogo kidogo, chumba kwa chumba, bati likipigiliwa kwa misumari michache tukisubiri fedha ya kumalizia, na mengine yamewekewa mawe au matairi juu ili yasiruke. Nyumba za zamani za Wazaramo zilikuwa na paa la makuti lililoshuka chini pande zote nne na boriti za mikoko zilizofungwa kwa kamba. Upepo uliweza kulivua paa lakini haukumkata mtu shingo. Bati linaloruka ni upanga. Sisemi turudi kwenye makuti, maana moto nao tunaujua. Nasema fundi aulizwe juu ya kufunga kenchi kwa nondo au waya mpaka kwenye ukuta, jambo ambalo gharama yake ni ndogo kuliko ile ya dari tunayoiwekea nakshi. Na mikoko iliyobaki katika delta ya Rufiji, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote Afrika ya Mashariki, inazidi kukatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba ya mpunga, ilhali ndiyo inayovunja nguvu ya maji kabla hayajafika kijijini. Watu wa Mafia na delta wanaofanya kazi hapa Kibaha wanalijua hilo kuliko mimi.

Baada ya Hidaya, yule bibi wa Lindi nilimkuta ameketi kibarazani pake, mwanawe akiwa juu ya paa anaongeza misumari. Nilimwuliza kama aliogopa. Akaniambia kwamba siku ile alimwambia mwanawe ajaze maji ndoo zote, aingize kuni ndani, na asitoke upepo ukinyamaza ghafla, kwa kuwa ule wa Lindi ulinyamaza, watu wakatoka kuokota mabati, ukawarudia. Mwanawe, ambaye amesoma mpaka chuo, hakuwahi kusikia habari hiyo kwa mama yake katika maisha yake yote. Hakuwa ameuliza.

Kwa hiyo nimemwomba katibu wa parokia aweke daftari ofisini. Jumapili baada ya Misa ya pili, wale wenye wazee waliotoka Lindi, Kilwa, Mafia, Rufiji au Bagamoyo na wanaokumbuka lolote juu ya upepo, mafuriko au bahari, wao wenyewe au kwa kusimuliwa na wazazi wao, wawalete ukumbini. Vijana wa kwaya wenye simu za kurekodi watakuwapo. Wazee wa Kiislamu wa mtaani wamealikwa pia, na imamu ameahidi kuwatangazia Ijumaa. Chai itakuwapo, na kwa bibi yule wa Lindi tutapika mihogo ya nazi.